Goti la kushoto na vitesi tano za Land Cruiser

Baraka, Fizi. – Mwezi wa tatu mwaka huu, pale parkingi ya magari ya Misisi, wachuuzi wa ndagala walianza kuona jambo ambalo mwaka jana halikuwepo. Shofere mmoja, mtu wa miaka 58, alikuwa akifungua mlango wa gari, anakaa kwanza, kisha anashika suruali yake juu ya goti la kushoto na kuuinua mguu kwa mkono kama mtu anayepakia gunia la mwisho. Ndipo anafunga mlango. Abiria wa nyuma waliokaa juu ya mizigo hawakuona. Wa mbele waliona, wakanyamaza.

Miaka 22 amefanya njia moja: Baraka, Fizi-centre, Lubichako, Misisi, na kurudi. Anakwenda na ndagala, chumvi, sabuni na vyuma vya wachimbaji wa dhahabu. Anarudi na maharagwe, unga wa mihogo na watu waliochoka. Gari lake ni Land Cruiser pikapu, ile ya 79. Toyota ilianza ukoo huo wa 70 mwaka 1984, na hiyo pikapu ya 79 ikaja mwaka 1999. Moteri yake ina silinda 6 na lita 4.2, inakunywa mazutu, haina turbo. Vitesi ni tano, za mkono. Pembeni yake kuna mkono mwingine mdogo wa kuingiza krabo, yaani magurudumu yote manne yavute, na ukiusogeza zaidi unapata zile vitesi fupi za kupanda taratibu kama ng'ombe.

Katika mwezi huo wa mvua, vitu viwili viliisha pamoja: ambreyaji ya gari na goti la mwenye gari.

Asiyeendesha anaweza kuuliza, goti linaingiaje hapo? Ambreyaji ni disiki inayobanwa kati ya moteri na bwati la vitesi. Ukikanyaga pedali ya kushoto, disiki inaachia, moteri inazunguka peke yake, unabadili vitesi. Ukiinua mguu, disiki inabana tena na gari linakwenda. Barabarani kwenye lami mtu anakanyaga mara chache. Kwenye matope ya kwenda Lubichako, na watu wamejaa nyuma, shofere anaishi juu ya pedali hiyo: anakanyaga, anaachia nusu, anashikilia hapo hapo ili gari lisizime na lisirudi nyuma. Wakati huo wa nusu, disiki inateleza na kuungua. Harufu yake kila msafiri wa hapa anaijua. Konvwayeri wake aliwahi kuhesabu kwa mchezo mara ambazo mzee alikanyaga tangu Baraka. Alipovuka 300, na Fizi-centre bado haijaonekana, akaacha kuhesabu.

Daktari alimwambia gegedu la goti limelika, mifupa inasagana. Akamshauri apunguze kukanyaga. Mzee alicheka, akasema ni sawa na kumwambia mvuvi apunguze maji.

Habari zikafika Marekani usiku uleule. Mdogo wake yuko kule. Mwaka 1996 walikimbia vita pamoja, wakavuka ziwa hadi kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Mkubwa alirudi Fizi akaanza udereva. Mdogo alibaki kambini miaka mingi hadi akapata ndege. Kazi yake leo ni kuvuta trela kwa pikapu kubwa, zile ambazo mtu wa Baraka akiziona kwenye simu anadhani ni lori lililofupishwa.

«Yaya,» alisema kwenye simu, «huku hakuna tena anayekanyaga ambreyaji.»

Kwa upande wa pikapu nzito alisema kweli. Kule kwao, ya mwisho kuuzwa na vitesi za mkono ilikuwa Ram yenye moteri ya Cummins, na ilikoma na modeli ya 2018. Ford na Chevrolet walikuwa wameacha mapema zaidi. Pikapu zao nzito za dizeli sasa zinatoka na vitesi 10 zinazojibadili zenyewe. Ukiwa na mzigo unabonyeza kitufe cha kuvuta. Ukigusa freni kwenye mteremko, gari linashuka lenyewe hadi vitesi ya chini ili moteri isaidie kushikilia. Mdogo mtu alituma video. Mzee aliitazama mara tatu, na mara ya tatu alikuwa akitazama mguu wa kushoto wa mdogo wake, ambao ulikuwa umepumzika tu kwenye zulia, haufanyi kitu.

Wazo la kwanza likawa kuleta gari la aina hiyo hapa kupitia Dar es Salaam na Kigoma. Wazo hilo halikuishi siku mbili. Pikapu za dizeli za siku hizi za Marekani zimetengenezwa kwa mazutu iliyoondolewa karibu salfa yote. Moshi wake unapita kwenye kichujio na kunyunyiziwa maji ya urea ambayo nayo yanatiwa kwenye tangi lake. Misisi mazutu inauzwa kwenye bidoni, na urea anayoijua mtu ni ya shambani. Tena kuna zile zenye mipira minne nyuma, miwili kila upande. Anayejua madaraja yetu ya magogo, mstari mmoja kwa mipira ya kushoto na mwingine kwa ya kulia, haitaji kuelezwa zaidi.

Wazo la pili ndilo lililowanyima watu usingizi. Uvira kulikuwa na Hilux inauzwa, dizeli ya lita 2.8, vitesi 6 za automatiki, usukani kushoto kama sheria yetu inavyotaka. Mdogo mtu na ndugu wengine walioko Marekani walikuwa tayari kuchanga. Mzee angeuza Land Cruiser yake, aongezee, na goti lake lingepata miaka mingine ya kazi. Hapo haikuwa tena hadithi ya magari ya watu wengine. Watoto wawili bado wako shule ya sekondari, na nyumba nzima inakula kwenye ile njia ya Misisi.

Akaenda Uvira kujaribu.

Jambo la kwanza alilofanya ndani ya Hilux lilikuwa aibu. Alitoka vizuri, gari likashika mwendo, na kwa mazoea ya miaka 22 mguu wa kushoto ukaenda kutafuta ambreyaji ili aingize ya pili. Kwenye automatiki pedali ni mbili tu, na ile ya freni ni pana. Akaikanyaga kwa nguvu zote za mguu uliozoea pedali ngumu. Muuzaji, aliyekuwa hajafunga mkanda, aligonga paji la uso kwenye kioo. Mzee aliomba msamaha, akaukunja mguu wake na kuuficha chini ya kiti. Tangu hapo hakukosea.

Kisha wakapanda njia moja ya upande wa milima, na huko akanyamaza. Alikuwa amekwenda na dharau ya mashofere wote wa zamani, wanaosema automatiki ni gari la mabosi na la wanawake wa mjini. (Wanasema hivyo na wanawake wakiwasikia, na baadhi ya wanawake hao wanaendesha kuwapita.) Aliyoyakuta ni mengine. Kati ya moteri na vitesi hakuna disiki kavu ya kuunguza. Kuna chombo cha mviringo kilichojaa mafuta. Upande mmoja unazungushwa na moteri na kuyasukuma mafuta, nayo mafuta yanazungusha upande wa pili. Gari likisimama kwenye mlima, mafuta yanateleza bila kuunguza kitu kwa haraka. Ukikanyaga eksileta, nguvu inakuja polepole na kuongezeka, mipira haistuki, haichimbi. Mahali pa matope hiyo ni neema. Kwa vitesi za mkono, ile nusu sekunde ya kubadili ndiyo inayokuua: ukikata nguvu katikati ya tope, gari linakaa. Automatiki inabadili bila kukata.

Aliogopa mteremko zaidi. Wengi hapa wanaamini kwamba automatiki haishikilii gari likishuka, unabaki na freni peke yake mpaka zichemke. Muuzaji alimwonyesha kusogeza mkono wa vitesi hadi kwenye herufi S, kisha kuuvuta nyuma hadi ikaandika 2. Moteri ikanguruma, Hilux ikashuka imejishikilia. Haikushikilia kama 79 iliyo kwenye vitesi fupi, lakini ilishikilia. Mzee alirudi Baraka akamwambia mke wake kwamba amekuwa akisema uongo juu ya magari hayo miaka 20.

Kwa hiyo mtu angedhani mambo yameisha. Yalianza upya kesho yake chini ya mwembe wa garaji.

Fundi wake ni mtu asiyesema haraka. Alisikiliza sifa zote za Hilux, akakubali kila moja. Kisha akauliza gari hilo litavuka mito gani. Swali hilo linaonekana dogo. Kila bwati la vitesi lina tundu la kupumulia, maana mafuta yakipata moto hewa inatanuka. Gari lenye moto likiingia mtoni, bwati linapoa ghafla na kuvuta hewa ndani, na kama tundu liko ndani ya maji, linavuta maji. Kwa Land Cruiser ya vitesi za mkono fundi anajua la kufanya: mafuta yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, anamwaga, anasafisha, anatia mengine, gari linaondoka. Ndani ya automatiki kuna disiki nyembamba nyingi zinazoogelea kwenye mafuta hayohayo, na njia ndogo ndogo kama za mshipa zinazoyapeleka yanakohitajika. Maji yakikaa humo, disiki zinaanza kubanduka. Na mafuta yenyewe si yoyote. Kila bwati lina aina yake.

«Hili la kwako,» fundi alisema akionyesha 79 iliyokuwa juu ya mawe, «nimelifungua hapa chini mara nne, kwenye bashe, kwa funguo hizi. Lile la Uvira likikataa kubadili, mimi nitaomba kompyuta. Na kompyuta iko Uvira.»

Halafu akawakumbusha gari la automatiki la shirika moja lililokufa karibu na Lubichako. Siku ile lilizima tu, taa ya njano ikawaka. Wanakijiji walikuja kusukuma, kwa wema kabisa, kama wanavyosukuma kila gari lenye batri dhaifu. 79 ukiisukuma na kuachia ambreyaji kwenye ya pili, magurudumu yanazungusha moteri, inawaka. Automatiki unaweza kuisukuma hadi Misisi, moteri haitazunguka, maana pampu ya mafuta ya bwati inazungushwa na moteri yenyewe, na bila mafuta hakuna kinachoshikana. Siku 11 gari lile lilikaa pale na mlinzi wake. Liliondoka juu ya lori.

Siku 11 kwa shirika ni ripoti ya kuandika. Kwa mtu mwenye gari moja, aliyebeba ndagala za watu 9 ambazo zikilowa zinaoza, ni kitu kingine.

Ila mke wa mzee hakukubali kirahisi, na alikuwa na haki. Jioni, sahani za ugali na sombe zikiwa bado mezani, alisema: «Bwati likifa, fundi atalifungua chini ya mwembe. Goti lako nani atalifungua chini ya mwembe?» Aliongeza kwamba hiyo ambreyaji nayo inakufa, na kila ikifa wanakopa. Disiki, plato, bitee, vyote vilibadilishwa hata miaka miwili haijapita. Kwa hesabu yake, urahisi wa vitesi za mkono umekuwa ukilipwa kwa mafungu, na fungu kubwa limelipwa na mguu wa baba watoto.

Hakuna aliyemjibu. Hesabu ilikuwa sahihi.

Jumapili waliongea wote kwa simu, sauti ikiwa juu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Mdogo mtu alikuwa bado anataka Hilux. «Yaya, utakaa miaka 10 mingine kazini.» Fundi, aliyeitwa kama shahidi, alisema lake. Konvwayeri alikuwa amekaa karibu na mlango bila kuombwa neno. Ana miaka 27, na minane kati ya hiyo amekuwa akining'inia nyuma ya gari hilo, akishuka kuweka mawe na magogo mahali mipira inapozama, akilipa vijana wa vizuizi. Leseni anayo. Usukani amepewa mara chache tu, kwenye tambarare, mzee akiwa macho.

Mke ndiye aliyemtazama kwanza. Akauliza kwa nini wanatafuta gari lisilohitaji mguu wa kushoto, wakati kuna mguu wa kushoto mzima umekaa mlangoni.

Mzee hakupenda, ilionekana usoni. Kwa shofere wa njia ile, kutoa usukani si sawa na kumpa mtu kazi. Wachuuzi wanampa mzigo yeye, si gari. Wanamwita Papa Shofere, na wake zao wanamtumia kuku wakati wa Noeli. Aliomba siku tatu. Siku ya tatu alimpigia mdogo wake, akamwambia atume fedha ya ambreyaji kamili, na kama inabaki, ya daktari wa Uvira. Hilux waiache. Mdogo mtu alituma. Alituma na neno kwamba baada ya miaka mitano watazungumza tena, maana Toyota wenyewe tangu 2023 wameanza kutoa hiyo Land Cruiser ya 70 na automatiki ya vitesi 6. Siku moja hizo nazo zitafika hapa zikiwa zimezeeka, na mafundi watakuwa wamejifunza. Fundi alipoambiwa hivyo alisema pengine, wamletee kwanza kompyuta.

Masomo ya konvwayeri yalichukua wiki tano. Mzee alikaa kiti cha abiria, mguu wake wa kushoto ukikanyaga sakafu tupu kila vitesi ilipobadilishwa. Kijana alikuwa na kosa moja baya: aliacha mguu umelala juu ya pedali wakati anaendesha, na hilo linakula bitee kimyakimya. Mzee alilisikia kwa sikio kabla ya kuliona, mlio mwembamba kama wa nzi. Akaweka kiatu cha zamani chini, kushoto mwa pedali, na kumwambia mguu wako unalala hapo, si penginepo.

Kosa la pili lilikuwa la kuua watu. Kwenye mteremko, kijana akiogopa mwendo, alikanyaga ambreyaji pamoja na freni. Ukikanyaga ambreyaji unaliachia gari: moteri haishikilii tena, uzito wote wa watu na magunia unakuja kwenye freni, freni zinachemka, na zikichemka zinakuwa kama sabuni. Mzee alimsimamisha juu kabisa ya mteremko baada ya Fizi, akawashusha abiria wote, na kumfanya ashuke na gari tupu mara mbili: krabo imeingizwa, vitesi fupi, ya pili, mguu wa kushoto kwenye kiatu. Kanuni aliyompa ni ile ya mashofere wote wa milima: shuka na vitesi ileile ambayo ungeitumia kupanda, na ichague ukiwa bado juu, si ukiwa umeshaanza kwenda. Abiria walinung'unika kwa kupoteza saa nzima. Mama mmoja tu, mwenye mtoto mgongoni, alisema waendelee hata mara ya tatu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelihesabu kwenye kikao. Kiti cha mbele ndicho cha bei kubwa, na wiki tano hizo mwenye gari alikuwa amekikalia. Mke, ambaye ndiye mweka hazina, alilisema bila kuzunguka: ama alipe nauli, ama akae juu ya magunia, ama abaki nyumbani. Juu ya magunia goti lilikataa.

Siku hizi Alhamisi anabaki. Anasaidia kupakia kwa mdomo, anagonga kila mpira kwa fimbo, anatazama kama kofia za magurudumu ya mbele zimegeuzwa ili krabo ikubali, kisha gari linaondoka bila yeye. Kijana anapata malipo yake kila safari, na fungu la nyumba limepungua. Mtoto mmoja analipiwa karo kwa awamu. Goti limepungua uvimbe.

Alhamisi iliyopita simu ilikawia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mzee alikuwa amekaa nje tangu saa tatu, simu juu ya paja, hataki chai. Ilipolia ilikuwa karibu saa nane mchana.

«Papa, tumefika Lubichako. Mteremko ulikuwa sabuni tupu.»

«Ulishuka na ngapi?»

«Ya pili, fupi.»

«Ulikanyaga?»

«Sikukanyaga, Papa. Mguu ulikuwa kwenye kiatu.»

Mzee akauliza habari za ndagala, kama zimelowa. Magunia mawili tu ya pembeni, kijana alisema, na wenyewe wameshaanza kuyaanika.